Kufuata Sheria za Mazingira katika Uchimbaji Mdogo Mkoani Tanga: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kuchagua Eneo hadi Kufukia Shimo

Ukipita barabara ya Tanga kwenda Horohoro wakati wa kiangazi, ukifika karibu na Amboni utaona minazi ambayo makuti yake yamegeuka meupe kwa vumbi la chokaa, na chini yake nyumba ambazo wenyewe hufunga madirisha ya upande mmoja mchana kutwa. Machimbo yanayolisha matanuru ya kuchomea chokaa hiyo yanawapa watu riziki, na hakuna anayetaka yafungwe. Lakini mwenye shimo na mwenye dirisha wote wana haki mbele ya sheria, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye shimo anayetaka kufanya kazi yake bila kusimamishwa katikati.

Nimemlenga mchimbaji mdogo: anayechimba mawe ya chokaa na kokoto pembezoni mwa Jiji la Tanga, dhahabu Handeni na Kilindi, vito katika Bonde la Umba, au anayevuna chumvi katika pwani ya Mkinga na Pangani. Msomaji wa Bagamoyo anaweza kuutumia karibu wote kama ulivyo, akikumbuka tu kwamba masuala yake ya maji yatampeleka Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, wakati ya sehemu kubwa ya Mkoa wa Tanga yako chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani.

Kosa ninaloliona kuliko yote ni kudhani kwamba leseni ya madini ni ruhusa ya kila kitu. Leseni hiyo inakupa haki juu ya madini yaliyomo ardhini, basi. Ardhi yenyewe ina mwenyewe, maji yana bodi yake, miti ina wakala wake, kemikali zina mamlaka yake, na hewa anayovuta jirani inasimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambalo watu wote wanaliita NEMC. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na leseni halali iliyopigwa muhuri na bado akafungiwa kazi. Sheria kuu zinazomhusu ni Sheria ya Madini ya 2010, iliyofanyiwa marekebisho makubwa 2017, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, Sheria ya Misitu ya 2002, na sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya 2003.

Hatua ya kwanza: pima kabla hujaomba chochote

Kabla ya kulipa ada yoyote, nenda kwenye eneo na kamba. Sheria ya Mazingira, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, ukingo wa mto, bwawa au hifadhi ya maji. Sheria ya Madini nayo inakutaka upate ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba ikiwa utachimba ndani ya mita 200 kutoka jengo linalokaliwa, na ya mwenye shamba ikiwa uko ndani ya mita 50 kutoka ardhi iliyolimwa au yenye mazao. Hapa Tanga, ambako minazi na michungwa imeingiliana na nyumba, ni nadra kupata eneo ambalo halihitaji ridhaa hata moja.

Swali gumu ni wapi uanzie kupima. Niliwahi kusaidia kikundi cha vijana kuandaa maombi ya eneo la mawe karibu na Mto Zigi. Tulipima mwezi wa Februari kwa kamba ya usumba tuliyoifunga fundo kila baada ya mita 10, tukaanzia pale maji yalipokuwa siku ile, tukapata mita 71. Tulifurahi. Mzee mmoja aliyekuwa akilisha mbuzi ng'ambo akatuita: "Wanangu, mto huu hamuujui. Njooni Aprili." Tulimshukuru kwa adabu na hatukumsikiliza. Masika yalipoingia, alama zetu za mipaka za upande wa mtoni zilikuwa ndani ya matope, na ofisa aliyekuja kukagua alipima upya kutoka ukingo wa mafuriko akapata mita 40 na kitu. Maombi yakarudi, na ada ikawa imekwenda.

Tangu hapo ushauri wangu ni huu: kwenye mto, pima kutoka pale maji ya masika yanapofika, na ukikuta ni kiangazi, tafuta takataka zilizonasa kwenye vichaka, ndizo zitakazokuonyesha. Kwenye bahari, pima kutoka alama ya maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko yote. Ongeza mita 20 juu ya zile za sheria. Eneo utakalolipoteza ni dogo kuliko kesi utakayoikwepa.

Mwisho wa hatua hii, hakikisha hauko ndani ya hifadhi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu waliingia kutafuta dhahabu katika misitu ya Usambara Mashariki, wakachimbua mabonde ya vijito ambavyo maji yake huishia katika mto uleule wa Zigi, ambao bwawa lake la Mabayani linalinywesha jiji la Tanga. Mchimbaji wa mlimani na mama anayefungua bomba Ngamiani wanatumia maji yaleyale. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani usipoteze muda wala nauli. Mikoko yote ya pwani nayo ni msitu wa hifadhi, hata ile inayoonekana kama kichaka kisicho na mwenyewe nyuma ya shamba la chumvi.

Hatua ya pili: anza na watu wa mahali

Ukiwa kijijini, jitambulishe kwa mwenyekiti na ofisa mtendaji, kisha uombe suala lako lifikishwe kwenye Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ukiwa ndani ya Jiji la Tanga hakuna ardhi ya kijiji, kwa hiyo utakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na ofisa mtendaji wa mtaa. Ngazi zote hizi kisheria zinatakiwa kuwa na kamati ya mazingira, na kila halmashauri ya wilaya au jiji ina ofisa wa mazingira, ambaye ndiye mtu wa serikali utakayeonana naye mara nyingi kuliko wote. Mtembelee mapema, kabla hujawa na tatizo.

Chukua muhtasari wa mkutano uliosainiwa, pamoja na orodha ya mahudhurio. Niseme wazi kwamba orodha ya majina iliyopatikana kwa kugawa soda haina uzito wowote siku wananchi watakapoandamana hadi kwa mkuu wa wilaya. Muhtasari wenye maana ni ule unaoonyesha maswali magumu yaliyoulizwa na majibu yaliyotolewa, hata kama jibu lilikuwa la kutoridhisha.

Hatua ya tatu: leseni

Leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo machimboni huitwa PML, hutolewa na Tume ya Madini kwa Watanzania tu, na hudumu miaka 7 ikiwa na nafasi ya kuhuishwa. Maombi hufanywa kwa mtandao, na ofisi ya Ofisa Madini Mkazi itakusaidia ukikwama. Kumbuka tu kwamba mawe, kokoto, mchanga na chumvi vyote ni madini kisheria. Wapo wanaochota mchanga mtoni miaka nenda rudi wakiamini kwamba kibali cha mdomo cha kiongozi wa mtaa kinatosha. Hakitoshi.

Hatua ya nne: mpango wa utunzaji wa mazingira

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wengi hulipa mtu wa steshenari awaandikie kwa kunakili mpango wa mtu mwingine. Nimewahi kusoma mpango wa machimbo ya chokaa ya Tanga ulioahidi kulinda ufukwe wa Ziwa Viktoria.

Kanuni za utunzaji wa mazingira kwa uchimbaji mdogo za 2010 zinamtaka mwenye PML aandae mpango wa kulinda mazingira ya eneo lake. Mpango huo si lazima uwe mrefu, na kurasa kumi zilizoandikwa na mtu anayelijua eneo zinashinda hamsini za kunakili. Anza kwa kueleza eneo lilivyo kabla ya kuguswa: mteremko unaelekea wapi, kuna visima vingapi karibu na kina chake, miti gani mikubwa, makaburi yako wapi, njia ya watoto kwenda shule inapita wapi. Piga picha ukiwa umesimama sehemu nne zisizohama, kama vile shina la mwembe au jiwe kubwa, na uandike tarehe. Picha hizi zitakusaidia siku ya kufunga mgodi, na zitakulinda siku utakaposingiziwa uharibifu uliokuwapo kabla yako.

Kisha eleza kila athari pamoja na utakachofanya, na hapo acha maneno ya jumla. Sentensi kama "vumbi litadhibitiwa ipasavyo" haina faida kwa yeyote, kwa sababu hakuna anayeweza kuikagua. Andika hivi: "Njia ya malori yenye urefu wa mita 340 itamwagiwa maji mara mbili kwa siku katika miezi isiyo ya mvua, kwa bajaji ya mizigo yenye tangi la lita 500, na msimamizi wa zamu ataandika kila safari kwenye daftari." Mkaguzi akija ataomba daftari. Ukiwa nalo, mazungumzo yenu yatakuwa mafupi.

Kuhusu vumbi, sisi watu wa pwani tuna elimu ambayo vitabu vya uhandisi kutoka bara havina. Kusi, upepo wa kusini, huvuma kuanzia karibu Aprili hadi Oktoba, na kaskazi, upepo wa kaskazini, kuanzia Desemba hadi Machi. Kabla ya kusimamisha karasha, mashine ya kuponda mawe, au tanuru, simama pale unapotaka kuliweka, ujiulize moshi utakwenda wapi kwenye kila msimu. Ikiwa haiwezekani kuwanusuru majirani wa pande zote mbili, zingatia kusi, kwa kuwa ndio unaodumu muda mrefu zaidi, na miezi ya kaskazi punguza kazi za kuponda mchana.

Mwisho, mpango ueleze urejeshaji wa ardhi na fedha yake inatoka wapi. Udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi, uondolewe kwanza na uwekwe peke yake katika lundo lisilozidi kimo cha mtu, ukioteshwa nyasi ili mvua isiuchukue. Anayeuchanganya na kifusi amejinyima kitu ambacho baadaye hatakipata hata kwa kununua.

Hatua ya tano: NEMC na tathmini ya athari kwa mazingira

Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za 2005, kama zilivyorekebishwa 2018, zinagawa miradi katika makundi kulingana na uzito wake. Kundi A ni la miradi ambayo tathmini kamili ni lazima, na migodi mikubwa imo humo. B1 ni miradi ambayo inabidi ichunguzwe kwanza ili ijulikane inastahili tathmini ya kiwango gani, na B2 ni miradi midogo ambayo kwa kawaida haidai tathmini kamili. Lipo pia kundi la miradi maalumu. Jambo la kushika ni kwamba kundi lako halipangwi na wewe wala na dalali wako. Unasajili mradi kwenye mfumo wa kielektroniki wa NEMC ukiambatisha maelezo yake, na Baraza ndilo linaloamua.

Ukiambiwa tathmini kamili inahitajika, safari yake ni hii. Mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa huandaa hadidu za rejea, yaani maelezo ya nini kitachunguzwa na vipi, baada ya kutembelea eneo na kukutana na wadau, na Baraza huziidhinisha. Baada ya hapo hufanyika utafiti wenyewe, pamoja na mikutano na wananchi. Ripoti huwasilishwa, wajumbe wa kamati ya ushauri wa kitaalamu hutembelea eneo na kuijadili, nawe huirekebisha kwa maoni yao. Hatimaye cheti hutolewa kwa idhini ya waziri mwenye dhamana ya mazingira, kikiwa na masharti yake. Gharama zote ni za mwenye mradi.

Mambo mawili huwaponza watu hapa. La kwanza ni kuanza kazi wakati ripoti ingali mezani: sheria inataka tathmini ifanyike kabla ya mradi kuanza au kugharamiwa, na shimo lililokwisha kuchimbwa siku ya ukaguzi halifichiki. La pili ni kubadili kazi. Mtu anapewa ruhusa ya kuchimba mawe kwa sururu na nyundo, kisha anapata mteja mkubwa, analeta baruti na mashine mbili. Huo sasa ni mradi mwingine, na unapaswa kutolewa taarifa upya. Vivyo hivyo kwa mchimba dhahabu wa Handeni anayetaka kujenga mtambo wa kuchenjua marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa, kwa sianidi: atarajie tathmini yake peke yake, asidhani mpango wa PML utaibeba.

Aliyeanza kazi miaka iliyopita bila tathmini hajafungiwa mlango. Kwake kuna ukaguzi wa mazingira, ambao unaangalia athari zilizokwishatokea na kuweka mpango wa kuzirekebisha. Ni afadhali aende mwenyewe kuliko kufuatwa.

Hatua ya sita: vibali vingine

Maji ya kuvuta kwa pampu kutoka mtoni au kisimani yanahitaji kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde, na maji machafu unayoyaachia yanahitaji kibali cha kuyatiririsha. Ni vibali viwili tofauti. Kuni za tanuru la chokaa ziwe na kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na risiti zake uziweke, maana tanuru hulazimika kufikia joto la nyuzi karibu 900 ndipo jiwe ligeuke chokaa, na moto huo unakula magogo kiasi kwamba hakuna mkaguzi atakayekosa kuuliza yalikotoka. Baruti haziguswi bila kibali chake na mlipuaji mwenye cheti, na karibu na Mapango ya Amboni hata wazo lenyewe liache. Sianidi na zebaki ziko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Hatua ya saba: kazi yenyewe

Karatasi zikikamilika, sheria inahamia machimboni. Kwa mchimba chokaa, mambo matatu yanatosha kumtenga na wengine: maji ya mvua yaelekezwe kwenye bwawa la kutuamisha kabla hayajaondoka eneo lake, kuta za shimo zikatwe kwa ngazi na zisisimame wima, na chokaa hai, ile iliyochomwa na bado haijatiwa maji, ihifadhiwe pakavu, kwa kuwa ikikutana na maji huchemka na kuunguza macho na ngozi. Kwa mvuna chumvi, asipanue majaruba, vile vidimbwi vya kukaushia maji ya bahari, kuingia kwenye mikoko, hata kwa hatua kumi.

Kwa mchimba dhahabu, zebaki ndiyo mzigo mzito. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata 2020, na mkataba huo unataja mambo manne ya kukomeshwa: kuchanganya zebaki na mbale yote, yaani mawe yenye dhahabu yaliyosagwa, bila kuichuja mbale hiyo kwanza, kuchoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki hadharani, kuuchoma katika makazi ya watu, na kupitisha sianidi kwenye marudio ambayo zebaki yake haijaondolewa. Nimemwona mtu akichoma kitonge cha dhahabu kwenye kijiko cha chuma juu ya jiko la mkaa, mtoto wake amekaa pembeni akimwaga maharage kwenye sufuria. Moshi wa zebaki hauonekani wala haunuki, kwa hiyo hakuna kinachomwonya mtu. Retoti, kile chombo kilichofungwa chenye bomba linalopita kwenye maji baridi, huukamata mvuke na kuurudisha kuwa zebaki inayotumika tena. Kwa hesabu ya duka tu, anayeitumia ananunua zebaki kidogo.

Mialo, yaani sehemu za kuoshea mchanga wa dhahabu, iwe mbali na mto, na maji yake yazunguke yenyewe kwenye mabwawa. Kuoshea ndani ya mto ni kosa hata kama baba yako aliosha hapohapo.

Hatua ya nane: mkaguzi anapofika

Mpokee, mpe kiti kivulini, mtolee faili. Wakaguzi wa mazingira wana mamlaka ya kuingia na kukagua, na kumzuia ni kosa la pili juu ya lile alilokuja kulitafuta. Akikuta kasoro, anaweza kutoa amri ya kusimamisha kazi au amri ya kurejesha mazingira yenye muda wake. Isome amri yote, hasa tarehe. Usisaini maelezo ambayo hukuyaelewa. Omba muda uyasome na mwenzako. Ukiona hukutendewa haki, rufaa zina ngazi zake, na juu yake lipo Baraza la Rufaa la Mazingira lililoundwa na sheria ileile ya 2004. Ukiwa umekosea kweli, rekebisha kwanza, piga picha, ndipo uandike barua. Barua yenye picha za shimo lililokwishazungushiwa uzio husomwa kwa jicho jingine.

Malalamiko ya majirani yaandikiwe daftari lake. Aandike mwenye kulalamika kwa mkono wake akiweza, na pembeni uandike ulichofanya na lini.

Hatua ya tisa: kufunga

Migodi ya kati na mikubwa hutakiwa kuwa na mpango wa kufunga mgodi na kuweka dhamana ya fedha ya kugharamia ukarabati. Mchimbaji mdogo habebi mzigo wa ukubwa huo, lakini wajibu wa kurejesha ardhi anao. Usisubiri mawe yaishe. Shimo la chokaa linalofukiwa kipande kwa kipande, kifusi cha upande mpya kikijaza upande wa zamani, humaliza kazi likiwa limebaki dogo, na mwenye leseni hajaishiwa fedha.

Rudisha kifusi kwanza, ukitandaze kwa mteremko ambao mbuzi anaweza kuupanda bila kuporomoka, kisha udongo wa juu, kisha otesha kabla ya vuli au masika. Maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, yafukiwe hadi mdomoni, na asiyeweza kuyafukia yote siku moja ayazungushie uzio, kwa sababu mvua huyajaza na watoto huyageuza bwawa la kuogelea. Ikiwa kijiji kinaomba shimo libaki kama lambo la kunyweshea mifugo, ombi liandikwe katika muhtasari wa mkutano, kingo zilazwe, na ofisa wa mazingira wa halmashauri akubali kwa barua.

Halafu rudi kwenye ule mwembe uliopigia picha za mwanzo, simama palepale, upige nyingine. Ambatisha zote mbili kwenye taarifa yako ya kufunga, na nakala moja mpelekee ofisa mtendaji.